Askari Walioitwa Kabla ya Zama Kwisha

Siku ninayoikumbuka kila nikikuona umeinamia gemu yako, mwanangu, ilikuwa Jumapili, muda mfupi baada ya arubaini ya mama. Tulikuwa bado Parklands, katika nyumba aliyotulea peke yake tangu baba afariki. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule kidato cha tatu mama alipoanza kuugua, nikawa nauza rangi na misumari katika duka moja la mjini.

Jamaa walikuwa wamekaa kikao, wakaamua. Idi, mdogo wetu wa mwisho, aende Mombasa kwa mjomba. Zuhura, aliyekuwa kidato cha pili, aende kwa shangazi. Mimi nibaki na nyumba. Nilikubali, wala si kwa ubaya. Nyumba ile ilikuwa mama mtupu: kabati la vikombe, zulia, mapazia aliyoyashona mwenyewe. Mshahara wangu ungetosha kulipa kodi ya pale au kuwalisha wadogo zangu, si vyote viwili. Nikaona nikiilinda nyumba, nimemlinda mama.

Jioni hiyo Zuhura alikuwa kwenye kompyuta kuukuu ya baba, anacheza gemu yake ya kujenga dola. Nilivuta kiti nikamtazama, kwa kuwa tangu kikao kile alikuwa hanisemeshi. Mji wake ulikuwa mzuri, ukuta umebakia kidogo tu ukamilike. Lakini hakuugusa. Alikuwa anawarudisha askari wake kutoka milimani na mipakani, anawakusanya kwa jemadari wao.

"Si umalizie ukuta?" nikamwuliza.

"Zii, kaka, siumalizii. Zama zinaisha."

"Zikiisha?"

"Mji unarudi kuwa kijiji. Majengo yanabaki, lakini yanakuwa ya kizamani, hayakupi kitu. Askari aliye nje peke yake anapotea. Aliye na jemadari anavuka naye."

"Na jemadari mwenyewe?"

"Anavuka na yote aliyojifunza. Huyo haanzi sufuri."

Nikamtania kwamba jemadari wake ana kitambi. Hakucheka. Akabonyeza, kioo kikawa cheusi, kisha kikawaka tena. Kweli, mji ulikuwa umesinyaa. Jemadari alisimama palepale na watu wake wote. Ndipo Zuhura akaniuliza, macho bado kwenye kioo:

"Idi akilia huko Mombasa, ataita nani?"

Nililitazama kabati, nikayatazama mapazia. Idi alikuwa sakafuni anapanga sanduku lake, ametia ndani mbuzi ya mama ya kukunia nazi, kana kwamba Mombasa nzima hakuna mbuzi.

Nikampigia mjomba simu. "Idi haji, na Zuhura haendi kwa shangazi," nikamwambia.

Akaniuliza, "Utawaweza, Athumani?"

"Sijui, mjomba. Lakini nitakuwa nao."

Tulihamia Kangemi, chumba kimoja. Kabati halikuingia mlangoni, tukaliuza. Mapazia yalikuwa marefu mno kwa dirisha lile, Zuhura akayakata. Mbuzi ya nazi ilivuka, na sinia la mama likavuka. Mama alitulisha sote kwenye sinia moja, na kwenye sinia moja unajua mara moja nani hayupo. Siku ya kwanza niliunguza wali. Zuhura akauonja, akasema, "Jemadari hajui kupika." Idi akacheka, na hakuwa amecheka tangu mazishi.

Mwanangu, zama zako nazo zitaisha. Shule itaisha, kazi inaweza kuisha, na sisi tunaokulea tutaondoka. Siku hiyo mkono utakuwasha kumalizia ukuta. Uache. Angalia kwanza nani yuko nje peke yake, umwite kwa jina, umweke karibu nawe. Na usidhani unaanza sufuri. Uliyojifunza kwa kuwatunza wenzako utakwenda nayo popote, hata kama nyumba imebaki nyuma. Mimi wali nilijifunza baadaye, kwa sababu walikuwepo wa kuula.

Mungu akuvushe salama, mwanangu, wewe na wote walio wako, na kila sinia litakapowekwa chini, mikono yenu yote iwepo.