Harusi ya Mama Yangu

Mwaka ambao parachichi za mama zilipata bei nzuri, watu walianza kumpenda ghafla. Malipo yake yalipitia kwenye chama cha akiba na mikopo mjini Tukuyu, na kabla hajafika nyumbani Suma, simu ilishaanza kuita. Muuza mabati alimpongeza kwa mavuno. Muuza sola akamtajia mpaka kiasi kilichoingia. Mama, mjane wa miaka sabini na ushee, hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mimi bintiye.

"Ni yule karani kijana wa dirishani pale kwenye chama," nikamwambia. "Twende ukalalamike."

"Nikilalamika atakataa, halafu mimi ndiye nitaonekana mkorofi. Acha nimpe mzigo abebe, tuone ataushusha wapi."

Wiki iliyofuata nilimsindikiza kufungua akaunti ya pili. Mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yetu, ofisi imejaa watu na miavuli inayochuruzika. Karani alikuwa kijana mtanashati, mwenye tai na adabu zote. Akatoa shikamoo, akauliza akiba hiyo mpya ni ya nini.

Mama aligeuka kuitazama foleni, kisha akainama hadi pua ikakaribia kugusa kioo. "Harusi."

"Ya dada hapa?"

"Yangu."

Mwavuli ukaniponyoka.

"Lakini hilo, mwanangu, ni langu na lako," mama akamnong'oneza. "Hata huyu ndiyo kwanza anasikia."

Kijana akaweka mkono kifuani. "Mama, taarifa za mteja hapa ni siri."

Tulipotoka nje, mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado sijajua kama ni utani.

Wiki haikuisha. Wa kwanza kufika Suma alikuwa mwenye mahema na viti, akaanza kuupima uwanja wetu kabla hata hajakaribishwa. Akafuata mshereheshaji, akatuonjesha vichekesho vyake huku sisi tunamenya ndizi. Mama mmoja mpambaji alikuja na picha kwenye simu, akashauri zambarau, kwamba ndiyo inampendeza bibi harusi mtu mzima. Mzee wa kanisa alitaka kujua kama bwana harusi amebatizwa. Mwisho akatokea mjomba kutoka Kawetele, mdogo wake mama, amevimba kwa hasira.

"Dada, unaolewa, na mimi nasikia stendi?"

Mama hakukana wala hakukubali. Kila mmoja alimpa maziwa ya mgando na jibu lile lile: kamati ya harusi inakutana Jumatano asubuhi, pale ofisini kwa chama.

Wakaja wote. Mshereheshaji alivaa tai ya kipepeo. Meneja alitoka chumbani kwake kuangalia nani wamemjazia ofisi, akakutana uso kwa uso na yule mpambaji, ambaye kumbe ni mkewe.

"Ndugu wajumbe," mama akasema, kanga mpya begani, "bwana harusi hayupo, na hajawahi kuwepo. Naomba kila mmoja aseme habari hii kaipata kwa nani."

Mshereheshaji, ambaye ukimya haumfai kikazi, akasema aliambiwa na mwenye mahema. Mwenye mahema akasema aliambiwa na mpambaji. Mpambaji akamtazama mumewe. Meneja akamtazama karani. Karani akaitazama kompyuta.

"Nilimwambia bosi kama utani tu," akasema kwa sauti ndogo.

Hapo mkulima mmoja wa chai kutoka Matwebe akapaza sauti kwenye foleni. "Kumbe! Ndiyo maana shemeji zangu wanajua siku yangu ya malipo kuliko mimi!"

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka sokoni. Wanachama walidai mkutano, wakaupata. Meneja alituomba radhi mbele ya wote, karani akaondolewa dirishani, na wauza mabati wakaacha kumpigia mama simu. Nilifurahi, ila yule kijana nilimhurumia, maana bosi wake alibaki kwenye kiti chake.

Kijana alikuja mwenyewe Suma kuomba msamaha.

"Mama, si ungenionya tu?"

"Ningekuonya, ungekwenda kumsimulia nani?"

Akacheka kwa aibu. Aliondoka na mkungu wa ndizi nyuma ya bodaboda.

Aliyetusumbua ni mjomba. Alikuwa ameshakwenda kwa fundi cherehani pale sokoni na kushonesha suti ya kumkabidhi dada yake, na suti hairudishwi. Alinuna, simu zetu hapokei. Sikukuu ya Pasaka akaja ameivaa, akakaa sebuleni bila kulegeza hata kifungo.

"Imekukaa vizuri," mama akamwambia.

"Nyamaza, dada," akasema mjomba, akasogeza kikombe aongezewe chai.