Rangi Chini ya Bolti

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alikufa na shule ikaniishia darasa la tatu. Mama alinikabidhi kwa dereva wa lori la mahindi, nikawa utingo. Kazi yangu ilikuwa kulala juu ya mzigo, kuweka gogo nyuma ya tairi tukisimama mlimani, na kumrudisha dereva kinyumenyume. Kurudisha kuna adabu yake. Unasimama nyuma, unapiga bodi kwa kiganja. Mara moja, njoo. Mara mbili, simama. Dereva hakuoni, anakusikia tu.

Siku moja tukiwa Kolo, nyuma ya ghala, nilipiga mara mbili na lori likaendelea kuja. Likanibana bega ukutani. Dereva alishuka, akakagua bodi kwanza, kisha akaniambia, "Utingo anayegongwa na gari lake mwenyewe hana akili." Bega lilipona. Maneno yale nilibaki nayo.

Gari nalijua, na sikufundishwa na mtu. Nimefungua gia boksi kwenye mchanga, nimetandika kanga ya mke wangu ili nati zisipotee. Hili gari langu la porini halijaingia gereji tangu nilinunue. Mafundi wa mtaani kwangu Ipagala wananitania, wananiita daktari wa mgonjwa mmoja. Sawa. Mgonjwa wangu anatembea.

Mwaka jana, kabla zabibu hazijaiva, nilichomelea bampa la chuma nyuma libebe makreti. Nikapaka rangi nyeusi nzito chini kote ili pasishike kutu, nikahamishia taa za rivasi kwenye bampa hilo, nikafunga waya kwa mikono yangu. Lilipendeza. Baadaye nikaona taa za rivasi haziwaki. Nikasema nitazitazama tukimaliza kuvuna. Mke wangu si yupo? Yeye ndiye alikuwa akinirudisha shambani Hombolo miaka yote, maana njia kati ya mizabibu ni nyembamba.

Siku ya ajali giza lilikuwa linaingia. Alisimama nyuma, karibu na kibanda cha makreti. Akapiga mara moja, nikaja. Akapiga mara mbili. Kisha nikasikia analia. Nilisogeza gari mbele, nikashuka, nikamkuta amekaa chini ameshika mguu wa kushoto. Na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikamwambia, "Utingo anayegongwa na gari lake mwenyewe hana akili."

"Nisamehe, mzee," alisema. "Labda nilichelewa kupiga."

Nilimpandisha garini. Hospitali, walipokuwa wakimfunga plasta ya mfupa, alimwambia daktari kwamba aliteleza. Watoto aliwaambia alikosea kupiga bodi. Mimi nilikaa kando nikisema taa ndizo mbovu, kana kwamba taa zile zina mwenyewe mwingine.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Aliniambia nitafute kibarua wa kwenda naye shamba, yeye basi. "Nimezeeka," alisema. "Mtu anayeshindwa kupiga bodi ataweza kukata zabibu?" Mizabibu ile aliipanda yeye, mche kwa mche, mimi nikiwa barabarani na malori. Nilimwona anaiacha kwa kosa alilojitwika.

Basi asubuhi moja nikaamua kuzishughulikia hizo taa. Kazi hii inataka watu wawili, mmoja aingize gia ya rivasi, mwingine atazame nyuma. Nilimwekea kiti nyuma ya gari aniangalizie.

"Nyuma ya gari lako sikai," alisema. "Hata likiwekwa juu ya mawe."

"Injini siwashi, mama. Nafungua ufunguo tu."

"Basi kaa wewe."

Akapanda yeye kiti cha dereva, mguu wenye plasta ukining'inia nje ya mlango. Mimi nikakaa chini, uso sawasawa na bampa. Tangu niache utingo sikuwa nimekaa nyuma ya gari lenye mtu kwenye usukani. Bega likanikumbusha.

"Tia rivasi."

"Nimetia."

"Hakuna kitu."

"Usianze kunilaumu. Nimetia."

Nilianza na globu. Nikazitoa, nikazigusisha kwenye betri, zote mbili zikawaka. Fyuzi nikaikuta nzima. Nikaingia chini mpaka kwenye gia boksi, ilipo swichi inayowasha taa ukiingiza rivasi. Nikaunganisha waya zake mbili moja kwa moja, swichi nikaiacha pembeni. Bado giza. Nikazirudisha waya kwenye swichi.

"Unatukana huko chini," mke wangu akasema.

"Nasali."

"Sala ya namna hiyo sijawahi kuisikia."

Nikarudi nyuma na globu yangu ya kupimia. Waya wake mmoja nikaugusisha kwenye waya wa taa, wa pili kwenye nati ya springi. Ikawaka. Maana yake umeme unafika vizuri, ila hauna njia ya kurudi. Njia hiyo ni waya wa ethi, unaofungwa kwa bolti kwenye chuma cha gari. Nikafungua bolti. Chini yake palikuwa na rangi yangu nyeusi, nzito, inang'aa. Nilipaka kwanza, ndipo nikafunga waya juu ya rangi. Umeme haupiti kwenye rangi. Hilo hata utingo wa wiki moja analijua.

Nikamwambia atoe gia, nikakwangua kwa kisu mpaka chuma kikawa cheupe, nikafunga.

"Tia."

Zikaniwakia machoni. Nilibaki nimekaa palepale. Ningeweza kusema ni waya ulikatika, na angekubali. Nilitaka kusema hivyo, tena sana.

"Ni rangi," nikasema. "Nilipaka mimi, na kufunga nilifunga mimi."

"Sawa. Si zimepona?"

"Na siku ile nilikusikia. Ulipiga mara mbili, nikazisikia zote. Nikasema huyu anaogopa tu, nafasi bado ipo, dereva ni mimi."

 Gia alikuwa hajaitoa, maana taa hazikuzimika.

"Nilijua," akasema. "Ulikanyaga mafuta nilipokwisha kupiga. Masikio ninayo."

"Mbona watoto uliwaambia ni wewe?"

"Ungekataa mbele yao. Halafu tungeishije humu ndani?"

 Akatoa gia, taa zikazima.

"Nisaidie kushuka," akasema. "Plasta ikitoka narudi kwenye zabibu zangu. Ila kukurudisha, basi. Utashuka mwenyewe uangalie."

Jioni ile niliwapigia watoto simu mmoja mmoja, nikawaeleza ilivyokuwa.  Sasa nikifika kibandani nashuka, nazunguka nyuma, naangalia, napanda tena. Mke wangu anakata zabibu huku anachechemea, wala hageuki kunitazama.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne Ipagala, imeezekwa bati. Nina ng'ombe saba. Nina mashine ya kuchomelea. Nina gari moja la porini, taa zake za rivasi zinawaka. Shamba la Hombolo nilizoea kulihesabu pamoja na mali hizi, kama langu. Ni la mke wangu.