Mama Gurudumu na mwanafunzi aliyempita

Saa mbili na robo asubuhi, geti la bustani ya michezo bado limefungwa. Mwanamke mwenye ovaroli ya bluu anazunguka chini ya gurudumu kubwa akigonga vyuma kwa nyundo ndogo. Anagonga, anatega sikio, anasogea hatua moja. Chuma kilichokazwa sawasawa, anasema, hulia kama kengele. Kilicholegea hulia kama sufuria yenye ufa.

"Huyu mzima," anasema, akiipapasa nati yenye ukubwa wa ngumi. "Na huyu mzima. Huyu hapa ana mafua kidogo, tutampa grisi."

Ng'ambo ya uzio, wapishi wanawasha majiko. Leo ni siku ya nane ya tamasha la vyakula na vinywaji, na njia zote za bustani zimejaa vibanda. Matenga ya machungwa yanashushwa, barafu inapondwa, na mtu mmoja anajaribu kipaza sauti, "moja, mbili, moja, mbili," kana kwamba hesabu yake inaishia hapo. Saa nne geti litafunguliwa na watu watamiminika.

Hapa kila mtu anamwita Mama Gurudumu. Ana miaka arobaini na mitatu, na kumi na minne kati ya hiyo ameitumia kuliendesha gurudumu hili lenye vikapu ishirini, kila kikapu watu wanne. Husimama saa tisa kwa siku. Mapumziko yake ni dakika ishirini, na hula akiwa amesimama, kwa sababu akikaa goti la kushoto hugoma kunyooka.

Mshahara unalipa kodi ya vyumba viwili, ada ya binti yake na dawa ya goti. Ukimuuliza kinachobaki ni nini, anacheka tu.

Ukimuuliza kuhusu msichana anayekagua mikanda ya viti pale juu ya jukwaa, hacheki.

"Niseme ukweli au niseme ya gazetini?" anauliza. Anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Basi andika. Namwonea wivu. Wivu mpaka chakula hakishuki."

Msichana huyo ana miaka ishirini na minne. Alikuja miaka miwili iliyopita, mwembamba, mpole, na daftari dogo mfukoni ambamo aliandika kila alichoambiwa. Mama Gurudumu ndiye aliyempokea na kumfundisha. Ndiye pia aliyembandika jina la Daftari, na hakulibandika kwa mapenzi.

"Nilikuwa namcheka. Nikisema 'leo jua kali,' namwona anaandika. Nikajiambia, huyu hamalizi mwezi."

Alimaliza mwezi, akamaliza mwaka. Wateja wakaanza kumuulizia.

Mambo yalifika shingoni Jumapili iliyopita, siku ya pili ya tamasha. Mama Gurudumu hakuwa zamu. Binti yake wa miaka tisa alikuwa amemsakama wiki nzima: mama za wenzake watawapeleka kwenye tamasha, yeye mama yake anafanya kazi huko huko na hajawahi kumpeleka. Basi kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, alipita getini kwa tiketi kama watu wengine, amevaa gauni la maua na viatu alivyotengenezewa na mumewe, ambaye ni fundi viatu.

Mumewe ni mtu wa mizaha. Walipata nafasi kwenye benchi, wakanunua kuku wa kuchoma, chipsi na juisi ya nanasi. Mtoto akala mpaka mashavu yakang'aa. Mama yake hakuonja hata paja moja. Shingo ilikuwa imegeukia gurudumu.

"Mama watoto, kula," mumewe akamwambia. "Mtu akikuona atadhani umemfumania mumeo, na mumeo niko hapa namalizia kuku wako."

"Mtazame anavyoinua mkono," alijibu. "Mimi siinui mkono hivyo."

"Unainuaje?"

"Siinui vile."

Waliposogea kwenye foleni ndipo alipoona kwa karibu. Daftari alikuwa amevipa vikapu majina ya matunda. Mtoto akifika mbele anaulizwa, "Unapanda embe au papai?" Anayeogopa anaambiwa kwamba ndizi ndiyo yenye upole kuliko vikapu vyote, na anapanda akicheka. Hata wazee walikuwa wanachagua matunda.

Mbele yao alisimama mama mmoja na watoto watatu. Akageuka na kusema, bila kujua anaongea na nani, "Huyu dada ndiye anayeifaa kazi hii. Siyo yule wa siku nyingine, amenuna utadhani kanyimwa chakula."

Fundi viatu alikohoa mpaka machozi yakamtoka. 

Mama Gurudumu akaanza kutafuta kosa. Na kosa akaliona: Daftari alikuwa mzito wa kupakia watu. Alimwacha mtu mmoja apande, akamzuia wa pili. "Kaka, samahani, wewe subiri kikapu cha papai kule. Nyinyi watoto wawili, pandeni hapa na bibi." Foleni ilikuwa imezunguka hadi kibanda cha aiskrimu.

"Nilimwambia mume wangu, mwone huyo! Mimi ningekuwa nimeshajaza na kumwaga mara mbili. Nilifurahi kweli. Yaani nilipoona anachelewa, ndipo juisi ilipoanza kunipita kooni."

Zamu yao ilipofika, alikataa kupanda. Mumewe na binti yake wakapanda. Yeye akabaki kwenye uzio, mikono kifuani.

Saa tisa na dakika kumi mchana, muziki ulikatika katikati ya neno. Mashine za juisi zikanyamaza. Gurudumu likapunguza mwendo, likasimama. Kikapu cha fundi viatu na binti yake kilikuwa cha pili kutoka kileleni.

Majiko na friji za vibanda vilikuwa vimeuelemea umeme wa bustani nzima. Jenereta la akiba, ambalo siku zote huegeshwa nyuma ya gurudumu, lilikuwa limehamishiwa kwenye vinywaji baridi wiki ile ile.

"Miguu ilinitangulia," anasema. Alikimbilia mlango wa uzio. Mlinzi, ambaye wamefahamiana miaka saba, akamwekea mkono.

"Mama, leo huna zamu. Sheria unaijua, na saini yako ipo."

"Mwanangu yuko juu!"

"Najua. Lakini ukiingia wewe, na wale wengine wote wataingia."

Huko juu watu walianza kupiga kelele. Mtoto fulani alikuwa akilia kwa sauti nyembamba isiyokatika, na kwa umbali ule mama hakuweza kujua kama ni wake.

Daftari alikuwa ameshafunga breki. Akachukua kipaza sauti cha betri. "Ndugu zangu, hakuna kilichovunjika. Ni umeme tu. Nitawashusha kwa mkono, kikapu kimoja baada ya kingine. Naomba jambo moja: msisimame. Embe, mmenisikia? Papai? Ndizi, najua nyinyi hamna shida."

Watu wakacheka, cheko la woga, lakini wakacheka. Yule mtoto akanyamaza.

Kisha akafungua sanduku la mitambo, akachomeka mpini wa chuma na kuanza kuzungusha. Gurudumu likaitika. Lilizunguka polepole, bila kushtuka, mikononi mwa msichana ambaye hana kilo hamsini.

Hapo ndipo Mama Gurudumu alipoelewa kwa nini foleni ilikuwa inachelewa.

Gurudumu la namna hii, anaeleza, haliwezi kuzungushwa kwa mkono kama uzito haukugawanywa. Ukiwajaza wanene upande mmoja, siku umeme ukikatika upande huo unavuta chini, na wanaume wanne hawaushiki. Ndiyo maana mwendeshaji anatakiwa kupima kwa jicho: mzito hapa, mzito wa kumwelekea kule. Ndiyo maana Daftari alikuwa anachelewesha foleni.

"Nilimfundisha mimi," anasema. "Siku yake ya kwanza. Aliandika. Na mimi mwenyewe nilishaacha kufanya hivyo miaka sita nyuma. Foleni ikirefuka nilikuwa najaza tu kama magunia, wakubwa wanifurahie kwamba nina kasi. Sasa mwanangu yuko juu, anashushwa salama na kitu nilichokitupa."

Ilichukua dakika hamsini. Daftari alishusha kikapu kimoja upande huu, akazungusha nusu mzunguko, akashusha cha kuelekeana nacho, ili mizani isipotee. Kikapu cha fundi viatu kilikuwa cha kumi na moja.

Binti alipotoka hakumkimbilia mama yake. Alimkumbatia Daftari kiunoni.

"Yeye kwanza," anasema Mama Gurudumu. "Mwanangu wa kumzaa."

Watu walipotawanyika, Daftari alikuja kwenye uzio, viganja vimechubuka kwa ule mpini. "Mwalimu, nilikuwa naiba kukutazama usoni. Nilijua nikikosea, utakunja uso."

Alijibiwa nini? Mama Gurudumu anainama, anaokota nyundo, anaigeuza mkononi. "Nilimwambia alichelewa kuchukua kipaza sauti. Hakuchelewa. Nilitafuta la kusema, nikapata hilo."

Siku tatu baadaye, meneja aliwakusanya wafanyakazi na kumtangaza Daftari kuwa kiongozi wa waendeshaji wote. Ni nafasi ambayo Mama Gurudumu aliingoja tangu binti yake hajazaliwa. Wenzake walipiga makofi. Naye alipiga, kisha akajifungia kwenye stoo ya vilainishi na kulia mpaka akasikia mtu anatafuta grisi.

Jioni, mezani, mumewe hakufanya mzaha. "Unamchukia?"

"Ningemchukia ingekuwa rahisi," alimjibu. "Simchukii hata kidogo. Natamani tu yeye angekuwa mimi."

Alichokifanya Alhamisi ndicho kilichomleta mwandishi wa makala haya hapa. Alikwenda ofisini kwa meneja bila kuitwa, akasema kwamba kwa miaka sita hakuwa akigawanya uzito siku za msongamano. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, isipokuwa mmoja.

"Yule msichana alikuwa ananiona kila siku. Alinyamaza kwa heshima. Sasa yeye ndiye wa kuandika ripoti zangu. Ningemlazimisha aseme uongo kwa ajili yangu, na yeye hajui kusema uongo, angeuandika kwenye daftari."

Alipewa onyo la maandishi na kukatwa posho ya tamasha. Jenereta limerudishwa mahali pake. Juu ya sanduku la mitambo sasa kuna tangazo linalosema gurudumu halitajazwa kwa haraka, hata foleni iwe ndefu kiasi gani.

Daftari mwenyewe ni mgumu kuongea. Anasema sifa zinamsumbua, kwa kuwa alikariri tu. Halafu anaongeza, akimtazama mwalimu wake anavyogonga vyuma: "Mimi namwonea wivu yale masikio. Nimejaribu miaka miwili. Kwangu vyuma vyote vinalia sawa."

Maneno hayo yalipomfikia, Mama Gurudumu aliacha kugonga. "Alisema hivyo? Alisema 'wivu'? Hebu rudia." Akarudiwa. Akataka kujua Daftari alikuwa ameuweka uso namna gani alipoyasema.

Saa nne kamili, geti linafunguliwa na umati unaingia na harufu ya vitunguu. Daftari yupo kwenye jukwaa, Mama Gurudumu yupo kwenye mtambo. Mwanamume mnene anakuja na mkewe. Wanawake hao wawili wanamtazama kwa pamoja na, bila kuambizana, wanageukia kikapu cha upande wa pili.

"Upande wako tayari, mwalimu?"

"Tayari, bosi." Neno hilo la mwisho analitafuna kwanza kabla ya kulitoa, lakini analitoa.

Ana mpango. Baada ya miezi mitatu kuna mtihani wa wakaguzi wa mitambo ya michezo, watu wanaopita bustani moja hadi nyingine na kutoa vibali. Amejiandikisha. Binti yake humuuliza maswali wakati wa kuosha vyombo, na fundi viatu amepigwa marufuku kutoa majibu ya kuchekesha.

"Nikifaulu, bustani ya kwanza kuikagua ni hii," anasema, akiinua mkono wa mtambo taratibu. Vikapu vinaanza kupanda. "Nitakuja na kalamu yangu, nimkague yule pale kuanzia unyayo mpaka utosi. Nitatafuta kosa. Nitalitafuta sana, usidhani nitamwonea huruma."

Na asipoliona?

Anamtazama msichana aliyepo jukwaani, anayempangusa mtoto pua huku akimuuliza anapenda tunda gani.

"Nitaandika hakuna," anasema. "Nitaandika kwa herufi kubwa, nitie saini. Na siku hiyo roho itaniuma kuliko leo. Wacha iume."