Maelezo ya Kijani kwenye Mchoro wa Simu ya Upepo

Naandika haya kwa sababu taarifa ya kamati iliyochunguza kuungua kwa simu zetu ilipotosha, nami ndiye niliyeihifadhi, nikiwa mkuu wa masjala katika karakana moja ya umma huko Temeke. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumepewa jukumu la kuunda simu za upepo kwa ajili ya zahanati za vijijini, ili mganga aweze kuita gari kabla mgonjwa hajamfia mkononi.

Mhandisi aliyeisanifu simu hiyo alikuwa kijana wa Kusini, mtoto wa mchonga vinyago, akikaa Kawe. Mbao za saketi, zile zenye mistari ya shaba ya kupitishia umeme, hatukuwa na uwezo wa kuzitengeneza. Ziliagizwa kutoka kiwanda cha ng'ambo. Siku aliyoniletea mchoro alinieleza kwa subira, ingawa kazi yangu ilikuwa kuugonga muhuri tu.

"Kaka, mstari huu wa shaba ndio unaopeleka mawimbi kwenye antena. Ukinzani wake uwe omu hamsini. Wakipunguza unene wa ubao, ukinzani unashuka, mawimbi yanarudi nyuma na kuunguza transista."

"Na wao watajuaje?"

"Nimewaandikia hapo pembeni. Upana wa mstari, unene wa ubao, na kwamba wapime kabla ya kutuma."

Aliandika kwa kalamu ya kijani, maelezo yasije yakachanganyika na mistari myeusi ya mchoro.

Katika ofisi yetu wino wa kijani ulikuwa wa Mkurugenzi peke yake. Alichokiandika kwa kijani kilikuwa dokezo, yaani maelekezo ya ndani ya ofisi, na dokezo halikutoka nje ya jalada. Mchoraji aliyepewa kazi ya kunakili mchoro wa kupelekwa ng'ambo alikuja kuniuliza, "Haya ya kijani nayo niyanakili?"

Sikuinua hata kichwa. "Ya kijani hayatoki nje."

Akanakili kila mstari, akayaacha maelezo. Mchoro halisi ukabaki jaladani.

Baadaye kiwanda kilileta teleksi kuuliza kama kuna mstari wenye ukinzani maalumu. Kama hakuna, wangetumia ubao wao wa kawaida. Mhandisi alikuwa vijijini akichagua mahali pa kusimika antena. Mkurugenzi hakumsubiri. Aliandika pembeni: "Wajibiwe, kawaida yao inatosha." Wakajibiwa.

Mbao zilipofika, simu ya kwanza iliungua kabla haijatamka neno. Ya pili ikaungua vilevile. Ya tatu mhandisi aliizima mwenyewe, akachukua kipimio, akapima unene wa ubao. Ulikuwa nusu ya alioutaka.

"Kaka, hawa hawakupata maelezo yangu."

Nilimweleza palepale nilichokifanya. Akasema, "Basi liseme hivyo hivyo mbele ya kamati, yaishe."

Nililisema. Nilifungua jalada, nikawaonyesha mchoro halisi, nikawaonyesha na teleksi. Mwenyekiti alifunua kurasa taratibu, akamgeukia mhandisi.

"Ndugu, nani alikuruhusu kutumia wino wa Mkurugenzi?"

"Sikujua kuwa ni wake."

"Hukujua. Na kalamu nyeusi hukuwa nayo?"

"Ninayo."

"Anayo," mwenyekiti aliwaambia wenzake, nao wakacheka. Mkurugenzi, aliyekaa kando yao, alicheka pia. Teleksi haikujadiliwa, kwa hoja kwamba kamati haina mamlaka ya kuhoji dokezo la mkubwa wake. Taarifa ikahitimisha kuwa mhandisi alishindwa kuwasilisha mahitaji yake kwa mtengenezaji kwa utaratibu unaokubalika. Mimi nilipongezwa kwa kutunza jalada vizuri. Pongezi hizo sijawahi kuzimeza.

Nasema wazi: aliyawasilisha, yote, na kwa wakati. Tuliomzuia ni mimi, kisha Mkurugenzi.

Barua ya kumwachisha kazi nilimpelekea mwenyewe mezani. Nilikuwa nimejiandaa kumpa pole. Aliisoma mara moja, akaikunja.

"Wale wa zahanati wataambiwa nini?"

"Sijapata maagizo."

"Waambiwe tu wasisubiri, Kaka. Kuna mganga ameshakata mti wa kusimikia antena."

Nilimwahidi. Nikapeleka rasimu ya barua ya zahanati kwa Mkurugenzi, ikarudi bila saini, nami nikaiweka jaladani kama utaratibu ulivyotaka. Ningeweza kupanda basi nikawaambie kwa mdomo. Sikwenda. Hakuna zahanati iliyoarifiwa.