Tafsiri Niliyompa Mama

Laiti ningekataa kumfasiria mama siku ile. Juzi, kwenye ofisi ya misaada Croydon, huku ughaibuni, mjukuu wangu aliambiwa atafute kazi au akatwe posho, mwanawe mdogo akimlilia pajani. Nikasikia tena harufu ya koti la mama lililolowa mvua.

Enzi zile, mimi bado mtoto wa shule, ofisa wa misaada alisema mjane kama mama anaweza kukaa nyumbani alee watoto, serikali impe posho.

“Anasemaje, baba?” mama aliniuliza.

Nilidhani posho ni kuombaomba, na wenzangu shuleni wangenicheka.

“Anasema utafute kazi, mama.”

“Haya. Nchi ya watu, sheria ya watu.”

Akawa anasafisha maofisi alfajiri na usiku, sisi tumelala. Mjukuu wangu analazimishwa na sheria. Mama nilimlazimisha mimi, nikampoteza miaka mingi kabla hajafa.