Jua Lilipohama Upande

Mtaani walimwita Fundi Timazi. Hakuwahi kutundika dirisha bila kwanza kuning'iniza ule uzi wenye kipande cha chuma mwishoni, apate kujua kama fremu imesimama sawa, na yeye mwenyewe alitembea wima vile vile, kama mtu aliyeumeza huo uzi. Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia. Watu waliwatania kwamba mmoja anafungua na mwingine anafunika.

"Ndiyo ndoa hiyo," mke alikuwa akijibu, sindano ikiwa bado mdomoni. "Mkifungua wote wawili mtapigwa na upepo."

Walikaa nyumba ya vyumba viwili mwisho wa kichochoro. Chumba chao cha kulala kilikuwa na dirisha moja, upande wa kusini. Ukuta wa kaskazini ulikuwa mtupu, kwa kuwa nyuma yake ulikuwa ua wa jirani mfuga kuku. Kwa hiyo nusu ya mwaka jua liliingia asubuhi likatandika kipande cheupe sakafuni, na nusu nyingine lilipita upande wa pili wa paa, chumba kikabaki na ubaridi wa chungu cha maji. Wateja waliokuja kuagiza madirisha mapana walimcheka fundi wakiliona lake. Mfinyanzi hulia gaeni.

Mke hakulalamika. Mama yake mzazi alimlea kwa kulitazama jua. Alimfundisha kwamba mara mbili kwa mwaka linavuka katikati ya anga, mchana na usiku vikagawana sawa kama ndugu wanaosikilizana, na kwamba siku hizo nyumba ifagiliwe na walionuniana wapatane, maana msafiri haagwi kwa kununa. Mara nyingine mbili linafika mwisho wa safari yake, linasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kisha linageuka. "Lisipogeuka," mama yule alikuwa akisema, "tujue Mungu ametuchoka. Lakini hajatuchoka bado."

Fundi aliyasikia hayo akayaona maneno ya ukweni, ya kuitikia tu.

Walijaliwa mtoto mmoja, wa kike. Alianza kusema mapema na hakunyamaza tena, wakamwita Chiriku. Alipokuwa na miaka sita alishikwa na homa iliyokuja na kuondoka, ikaja tena na safari hii haikuondoka. Zahanati walimpa dawa, wakambadilishia, wakasema arudishwe nyumbani apumzike. Alikuwa akitetemeka kwa baridi hata saa ambayo watu wengine walikuwa wakijipepea. Mama yake akawa anamlaza kwenye kile kipande cha jua sakafuni. Ilikuwa majira ya jua kuondoka, na kila asubuhi kipande kilikuwa kimepungua na kusogea karibu na ukuta. Mama alisogeza godoro likifuate. Ikafika asubuhi ambayo kilikuwa kamba nyembamba chini ya dirisha, ikawaka juu ya vidole vya mtoto tu. Kesho yake hakikuwepo. Juma hilo hilo Chiriku akafariki, baba yake akiwa juu ya ngazi kwenye nyumba ya mtu, mdomo umejaa misumari.

Hawakupata mtoto mwingine. Mke alirudi kwenye cherehani, mapazia yakaendelea kushonwa. Ila tangu mwaka ule, siku jua liliporudi chumbani, alitandika mkeka pale lilipoangukia, akakaa na kuzungumza na mwanawe kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepiga soga huku anachambua mchele. Alimweleza nani kaolewa, nani kahama, kitambaa gani kimeingia dukani. Kipande cha mwanga kilipokwisha, mwisho wa majira, alikunja mkeka na hakumtaja mtoto mpaka jua lirudi. Fundi hakukaa naye pale hata mara moja. Majira hayo alikuwa akiondoka kwenda kazini kabla hakujapambazuka vizuri, akisema kazi ni nyingi.

Miaka ikaenda hivyo, wakazeeka.

Kiharusi kilimpata mke akiwa amekaa kwenye cherehani. Mkono na mguu wa kulia vikafa, ulimi ukawa mzito. Mdogo wake wa kike alifunga mizigo akaja kumuuguza. Ilikuwa jua limeondoka chumbani karibuni tu, na miezi mirefu ya kivuli ilikuwa mbele yao. Mgonjwa alilala akiutazama ukuta, akala kidogo, akasema kidogo zaidi. Fundi, aliyezoea kuona kitu kimepinda akakinyoosha, hakuweza kuvumilia.

"Nitamtobolea dirisha upande huu wa pili," alimwambia shemeji yake jikoni. "Jua liko huko sasa hivi. Kosa ni letu kumweka gizani."

"Umemuuliza?"

"Mgonjwa haulizwi dawa, shemeji."

"Dada yangu anaulizwa," alisema mdogo mtu, lakini fundi alikuwa ameshatoka kwenda kwa jirani.

Mfuga kuku alimsikiliza, akajikuna kidevu. "Ukuta ni wako, jirani. Ila kuku wangu wataanza kukuona unavyokoroma. Wakiacha kutaga nitakudai mayai." Kisha akacheka peke yake, akaona mwenzake hacheki, akasema kwa upole, "Toboa, bwana. Mwangaza haunipunguzii kitu."

Fundi alimhamishia mkewe sebuleni, akavunja ukuta, akatia fremu ya mninga aliyokuwa amemwekea mteja mkubwa. Hakuna dirisha alilowahi kulitengeneza kwa makini namna ile. Vumbi lilipofutwa, walimrudisha mgonjwa kitandani, na asubuhi jua likaingia na kumwagika juu ya shuka, likafika kifuani kwake.

Alilitazama muda mrefu. Kisha akaanza kulia, na si kilio cha furaha.

"Funga," alisema.

Fundi alidhani linamuumiza macho. "Nivute pazia?"

"Funga. Si wakati wake." Maneno yalitoka moja moja, kila moja likibebwa kama ndoo ya maji. "Mtoto alipokufa... nilijifunza kungoja. Jua linakwenda, linarudi. Ndicho kilichonishika. Sasa umelileta tu. Usininyang'anye, baba."

Mdogo mtu aliinamisha kichwa. Fundi alitoka nje akakaa juu ya rundo la matofali aliyoyang'oa, akakaa hapo mpaka kuku wa jirani wakamzoea wakawa wanadonoa chokaa miguuni pake. Kisha akatafuta ubao mzima, akaukata kwa kipimo, akaliziba dirisha. Hakumwonesha mkewe uso wa kinyongo. Alipomaliza alivuta kigoda akaketi kando ya kitanda, jambo ambalo hakuwa amelifanya mchana kwa miaka mingi.

"Basi tutalingoja," alisema. "Lakini unifundishe. Mimi sijui kungoja."

Mke alimtazama. "Ulikuwa unakimbia."

"Nilikuwa nakimbia. Kile kipande cha jua pale chini, nilikuwa nikikiona naona vidole vyake."

Ilikuwa mara ya kwanza wamzungumzie mtoto wao wakiwa pamoja. Tangu siku hiyo walimzungumzia kila alasiri, kwa maneno machache ambayo ulimi wa mgonjwa uliruhusu: jinsi Chiriku alivyokuwa akiwauliza wateja kama madirisha yanapofungwa huwa yanalala, jinsi alivyoficha sindano za mama yake ili mama aache kazi wacheze. Mara nyingine walicheka. Mdogo mtu aliwasikia kutoka jikoni akafuta macho kwa kanga, akaendelea kukoroga uji.

Majira ya jua kurejea yalipokaribia, mgonjwa alikuwa amekonda sana. Aliagiza chumba kifagiliwe. Alimwita mdogo wake, akamwomba radhi kwa ugomvi wa zamani wa urithi wa vyombo vya mama yao, ugomvi ambao mdogo mtu alikuwa ameusahau. Fundi alitandika mkeka chini ya dirisha la kusini.

Lakini siku zenyewe zilipofika, mawingu yalitanda. Mvua ilinyesha asubuhi, ikapumzika, ikarudi. Fundi alikuwa akiamka anasimama mlangoni na kulitazama anga kwa hasira, kama mtu anayemsubiri mdeni.

"Halijaja," alimwambia mkewe.

"Limeshafika," mke alisema. "Halijabisha hodi tu."

Alifariki asubuhi ya mawingu, mkono wake mzima ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Alikuwa ametulia. Fundi hakulia mpaka alipowaona wanawake wakiingia na maji, hapo akajikunja mlangoni, na kwa mara ya kwanza watu wa mtaa walimwona amepinda.

Mvua ilikatika baada ya mazishi. Jua liliingia chumbani, likaangukia mkeka ambao hakuna aliyekumbuka kuukunja. Fundi alivua viatu akaketi. Yeye hakuwa mtu wa habari za vitambaa. Mwishowe akasema tu, "Mko wawili sasa," akakaa hapo mpaka mwanga ukahamia ukutani.

Shemeji yake alimwomba ahamie kwake. Alikataa mwaka ule, akakubali mwaka uliofuata, kwa kuwa kupika hakujua na kula peke yake kulimshinda. Yuko kwa shemeji hadi leo, nyumba yenye kelele, wajukuu wa shemeji wakimwita babu na kumpanda mgongoni. Mikono inatetemeka, hatundiki tena madirisha. Hunoa misumeno ya mafundi wengine kibarazani. Watu wakimpa pole, maana wapo bado wanaompa, huitikia vizuri, akaangalia chini, akaendelea kunoa.