Kidole Gumba cha Fundi Picha

Mazoea yana taabu, nyie. Fundi picha huyu alishika kamera ya filamu tangu usichana wake, na kila akipiga picha, kidole gumba cha kulia kilisukuma kile kimkono cha kuvuta filamu: krrr, tayari kwa nyingine. Hata akiwa mezani anakula, kidole kilicheza. Mdogo wake wa kiume alipomletea kamera ya dijitali, alimcheka sana.

"Dada, humo hamna filamu. Unasukuma nini?"

"Nyamaza huko! Kidole ni changu." Akachukua plasta, akaziba kioo cha nyuma kinachoonyesha picha papo hapo. Kwake picha haiangaliwi kabla haijaiva.

Sasa, mama yao. Maisha yake yote aliikimbia kamera. Studio ya binti yake ilijaa sura za mtaa mzima, yake hata moja haikuwemo. "Kesho, mwanangu," ndilo lilikuwa jibu lake. Lakini alasiri ile, siku moja kabla ya kupasuliwa moyo hospitalini, alikuja mwenyewe na gauni lake la bluu, akakaa kitini. Fundi picha akajiuliza. Kwa nini leo?

Akachukua ile kamera ya dijitali, ambayo alikuwa hajawahi kuitumia, na picha ya kwanza akaipiga mapema mno. Mama alikuwa bado anaweka kola sawa. "We, ngoja kwanza!" Wakacheka. Kisha mama akatulia, akatabasamu kama hajawahi. Binti akapiga, kidole kikasukuma. Akapiga, kikasukuma. Kumbe pale palipokuwa kimkono zamani, kamera hii ina gurudumu dogo la kuongeza na kupunguza mwanga, laini, halina hata mlio. Ndani ya tundu la kuchungulia kijitaa kilipepesa. Akakipuuza, vitu vya kisasa hupepesa tu.

Mama alipasuliwa asubuhi. Hakuamka.

Walipotoka kuzika, fundi picha akabandua plasta, mdogo wake pembeni. Picha ya pili, mama ni kivuli. Ya tatu, inaonekana kola tu, kwa shida. Zilizofuata, nyeusi tii. Tabasamu lote limo humo gizani. Mdogo wake akajaribu kuzing'arisha kwenye kompyuta, zikatoka chengachenga.

"Dada, ni hili gurudumu. Kila ulipolisukuma, lilipunguza mwanga."

Fundi picha alilia mpaka sauti ikamkauka.

Iliyotundikwa studio ni ile ya kwanza: mama, mkono kwenye kola, mdomo wazi, anamwambia binti yake angoje.